Maneno ya Jumapili ya Mzee Jotham Buya

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo sina muziki mwingi. Jumamosi tulimzika Mzee Jotham Buya, mkulima na mzee wa kanisa wa Hewani. Narudia kwa mnaofungua redio sasa hivi: Mzee Jotham Buya wa Hewani hatunaye tena. Mimi ni Uledi Nzai, na maisha yake nitayasimulia bila kuyapaka sukari, maana mwenyewe hakupenda jambo lake lifichwe.

Wengi mlimjua kwa jina la Kaseti. Vijana wa kanisa ndio waliompa. Kila Jumapili, kabla ya mahubiri, alisimama mbele akasema maneno yale yale. "Damu ni ya Mungu. Jirani ni jirani, hata akikuudhi." Kanisa zima likaitikia, "Twajua." Waliitikia kivivu, wengine wakipiga miayo. Siku moja kijana akamwambia, "Mzee, hayo tumeyasikia tangu tukiwa wadogo. Tupe mapya." Mzee akamjibu, "Ugali ulikula jana. Leo mbona umeulizia chakula?" Watu wakacheka, na Jumapili iliyofuata akasimama tena.

Alikuwa na kazi nyingine. Kila mwaka, kabla ya watu kulima, aliipitia malka pamoja na Jibril, mzee wa wafugaji. Kwa mlio mbali nasi, malka ni njia inayoachwa katikati ya mashamba ili ng'ombe wafike mtoni kunywa. Hailimwi. Mkulima anajua, mfugaji anajua. Wazee hao wawili walichomeka vijiti pande zote mbili za njia, kisha wakanywa chai kwa Mama Lydia, mke wa Jotham.

Mwaka ule wa ukame, Job aliilima malka. Job alikuwa kifungua mimba wao. Mto ulikuwa umeshuka na mashamba yamekauka, lakini udongo wa malka karibu na maji bado ulikuwa na unyevu. Job aling'oa vijiti akapanda mahindi. Yalipofika kiunoni, ng'ombe wakaja.

Ng'ombe mwenye kiu akisikia harufu ya maji harudishwi nyuma. Job alisimama katikati ya mahindi na panga. Ng'ombe mmoja akamkata mguu, wa pili akamkata shingo. Mfugaji mmoja kijana akarusha mkuki. Ukamwingia Job tumboni, ukatokea mgongoni. Alifia pale pale, na ng'ombe wakamkanyaga wakienda mtoni. Mama Lydia aliniambia, "Mwanangu nilimtambua kwa shati."

Wasikilizaji wapendwa, siku ile ile Hewani iliwaka. Vijana walishika mapanga na marungu. Ni wale wale wa kuitikia "Twajua." Walichoma vibanda vya wafugaji vilivyokuwa jirani, na ndama waliofungwa ndani wakaungua wakilia.

Ndipo Jibril akaja. Alikuja peke yake, na fimbo tu, kutoa pole na kusema kwamba aliyeua ataletwa kwa serikali. Hakufika mlangoni kwa Jotham. Walimwangusha kwa rungu, wakamvunja taya, wakamburuta hadi uwanja wa kanisa. Kisha wakamwita baba wa marehemu. "Huyu ni wako, mzee. Anza wewe."

Jotham akaja na panga. Narudia, maana wapo wasioamini hadi leo: Jotham mwenyewe, Kaseti, alikuja na panga. Jibril alipomwona akainua mkono kujikinga. Panga likashuka. Vidole vitatu vya Jibril vikaanguka mchangani. Jotham akainua panga mara ya pili.

Mama Lydia akatokea. Alitoka kumwosha mwanawe, na kanga yake ilikuwa imelowa damu. Hakupiga kelele.

"Baba Job," akasema, "yaseme yale ya Jumapili."

Mzee hakulishusha panga.

"Yaseme sasa. Umetuchosha nayo miaka yote. Yaseme."

Alijaribu. Aliniambia mwenyewe kwamba maneno hayakuja, yalikuwa yamemtoka kabisa. Basi Mama Lydia akayasema yeye. "Damu ni ya Mungu. Jirani ni jirani, hata akikuudhi." Wanawake waliokuwa nyuma yake wakaitikia, "Twajua," na safari hii walikuwa wanalia.

Panga likamponyoka. Mzee akamlalia Jibril, akamfunika kwa mwili wake. Vijana wawili walikuwa wamekwisha kuinua marungu, yakamshukia yeye. Mbavu zikavunjika, na waliposikia anavyokoroma ndipo wakaacha. Kifua kile hakikupona sawasawa, na ndicho kilichomuua wiki iliyopita.

Alijipeleka polisi mwenyewe. Alifungwa, kama alivyofungwa aliyemuua Job. Jumapili ya kwanza baada ya kutoka jela, alisimama mbele ya kanisa. Watu walingoja aombe msamaha. Akasema hivi: "Mahindi ya Job niliyaona ndani ya malka yangali mafupi. Kanisa zima nililikumbusha kila wiki. Mwanangu nikasema, huyu anajua. Sikumwambia."

Hapo, wasikilizaji wapendwa, huwa nashindwa kuendelea. Hasira hasara, tunasema kila siku, na bado tunapata hasara. Sisi waumini hatukosi kwa sababu hatujui. Job alijua. Vijana walijua. Mzee mwenyewe alijua kuliko wote, na siku ya siku ilibidi akumbushwe na mkewe, damu ya mtoto wao ikiwa bado kwenye kanga yake.

Mama Lydia, pole sana. Familia yote ya Hewani, poleni. Mungu ampumzishe mzee wetu. Nanyi mnaonisikiliza, kama kuna mtu nyumbani mwenu mnayesema "huyu anajua," mwambieni leo, hata akipiga miayo.

Jibril naye alikuja makaburini Jumamosi. Nilimuuliza inakuwaje amekuja kumzika mtu aliyemkata vidole. Akaniambia, "Tangu Buya ametoka jela, kila mwaka kabla ya kulima yeye nakuja kwangu. Yeye nasema, Jibril, nikumbushe. Mimi hapana sema kitu. Mimi naonyesha yeye mkono."