Nikolausi Akonaay, Aliyepanga Sauti za Kwaya Yetu

"Monica, hivi huyo mdogo wako anamfanya nini marehemu Tekla?"

Jirani yetu Mama Imakulata aliniuliza hivyo Januari 2023, tukiwa tunateka maji. Nikamwambia sijui. Ni kweli nilikuwa sijui, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuogopa. Naanza na swali hilo kwa sababu lilipita nyumba nyingi hapa Tlawi, na najua leo wapo watakaosimama mbali na kaburi kwa ajili yake. Mimi ni dada yake mkubwa. Nataka mdogo wangu azikwe bila swali hilo juu yake.

Marehemu Nikolausi Akonaay alizaliwa hapa Tlawi, wilaya ya Mbulu, tarehe 6 Desemba 1978, mtoto wa nne wa Mzee Akonaay na Mama Fabiola. Alibatizwa jina la mtakatifu somo wa siku hiyo. Alianza shule ya msingi hapahapa mwaka 1987, akamaliza darasa la saba 1993. Hakuchaguliwa kuendelea. Mwaka huohuo aliifungua redio ya baba kwa kisu cha kumenyea viazi, akaifunga tena ikiwa inasema vizuri, ila skrubu mbili zikabaki. Baba akamwuliza, "Na hizi?" Akajibu, "Hizo hazikuwa na kazi, Baba."

Mwaka 1998 alikwenda Katesh, Hanang, akawa fundi wa redio na baadaye wa simu. Huko alikutana na Judica, binti wa wafugaji wa Mogitu. Walifunga ndoa tarehe 14 Oktoba 2006, Mungu akawapa watoto wawili. Mwaka 2015 walirudi Tlawi, naye akaingia kwaya ya kigango chetu, akaimba besi.

Mwaka 2019 alinunua kompyuta iliyotumika, akasema atajifunza kuchanganya muziki mwenyewe, kwaya isihangaike kwenda mjini. Alikuwa na miaka arobaini. Alijifunza kwa video za kwenye simu, za Kiingereza. Anasimamisha, anaandika neno kwenye daftari, Jumapili baada ya misa anamwuliza Mwalimu Yonas maana yake. Kazi zake za kwanza, tuseme ukweli, zilisikika kama watu wanaoimba ndani ya pipa.

Agosti 2022 alitundika mablanketi kuta zote za chumba, akatuita wanakwaya tuingie mmoja mmoja. Hapo ndipo mashaka yalipoanza. Sisi tumezoea kuimba tumesimama pamoja, bega kwa bega. Yeye alitaka kila mtu aimbe peke yake, mlango umefungwa, wenzake awasikie kwenye spika za masikioni tu. Watu wakanong'ona: "Kwa nini anatutenga? Na hizo sauti akishazichukua, anazipeleka wapi?" Tekla, mke wa Evarist, aliyetuongoza sauti ya kwanza, aliingia bila wasiwasi. Tarehe 11 Novemba mwaka huohuo akafariki kwa nimonia.

Basi baada ya mazishi, mchana kweupe, waliopita nyuma ya nyumba ya Nikolausi walimsikia Tekla anaimba. Peke yake. Mstari uleule, mara saba, mara nane. Na mimi nilisimama pale ukutani nikasikia, nikafanya ishara ya msalaba.

Kesho yake baada ya swali la Mama Imakulata nilifanya jambo ambalo naliungama mbele yenu. Nikolausi alikuwa shambani. Nilichukua maji ya baraka niliyoyaweka tangu Pasaka, nikaingia chumbani, nikaimwagia kompyuta. Sikunyunyiza, nilimwaga chupa nzima. Ikazima. Aliporudi aliangalia meza, akaniangalia, akasema, "Shikamoo, dada. Mbona umeibatiza kwa maji mengi hivyo kama Wapentekoste?" Akaipeleka kwa fundi Babati. Fundi alizipata sauti, lakini kazi yote ya kuzipanga ilipotea. Akaanza upya.

Wakati wa Kwaresima Evarist alikuja na fimbo, nasi majirani nyuma yake. Hata shikamoo hakutoa.

"Mwachie mke wangu!"

"Kaa, mdogo wangu," Nikolausi akamwambia. "Sikiliza kwanza, fimbo itakuwepo tu."

Akambonyezea, sote tukasikia. Kabla ya kuimba, Tekla anacheka, anasema, "Nikolausi fanya haraka, nimeacha maharage motoni." Evarist akaketi. Kisha akasema, "Hayo maharage yaliungua." Akaomba arudishiwe tena.

Ndipo Nikolausi akatuonyesha. Kila sauti ina mstari wake kwenye kioo cha kompyuta. Ukitaka kulitafuta kosa, unazima nyingine zote, unabaki na ile moja, unaisikiliza mpaka ulipate. Na kosa kwenye sauti ya Tekla lilikuwa jogoo, aliyewika katikati ya wimbo. Tulimwita Mama Imakulata asikie. Akapiga makofi: "Wee! Huyo si wangu?" Alikuwa wake. Kazi yote ile tuliyoiogopa ilikuwa ya kumtoa jogoo wake.

Wimbo ulitoka Pasaka ya 2023. Mwezi uliofuata Evarist aliingia kwaya, na Nikolausi akamfundisha besi.

Machi 2024 figo za Nikolausi zilianza kushindwa. Alikwenda Arusha kusafishwa damu mpaka nguvu zikaisha. Alifariki Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, saa nne asubuhi, Judica amemshika mkono. Nasema wazi, kwa wale ambao bado wananong'ona: alikufa kwa figo. Sauti ya mtu haikumdhuru, wala yeye hakumdhuru mtu.

Ameacha mama yetu Fabiola, mjane Judica, watoto Jenifa na Kelvin, mimi Monica na mdogo wetu Ezekiel, pamoja na kwaya yake. Bwana ampe pumziko, alale salama.

Wiki yake ya mwisho alituita mimi na wifi yangu, akasema:

"Siku ya kunizika pigeni ule wimbo. Tekla mwacheni. Sauti yangu Jenifa aizime, besi aimbe Evarist, na asimame karibu na jeneza."