Bomba Lisifunguliwe

DADA: Haloo? Nani mwenzangu?

WAYA: Ni mimi, Waya. Shikamoo, dada.

DADA: Marahaba. Mbona namba ngeni?

WAYA: Ya mlinzi wa hapa mtamboni. Yangu imezima. Samaki wameamkaje?

DADA: Eh, leo unaanza na samaki kabla ya watoto? Hawajaamka vizuri. Bwawa limekuwa kijani kibichi. Wako juujuu, midomo wazi, wanatafuta hewa.

WAYA: Wamekufa?

DADA: Wengine. Nimemfokea shemeji yako mpaka basi. Anawalisha kupita kiasi, maji yanaoza. Kainama tu anaokota mizoga.

WAYA: Usimfokee.

DADA: Wewe na yeye lenu moja.

WAYA: Dada, sikiliza—

DADA: Haloo? Unakatikakatika.

WAYA: Nasema usimfokee shemeji.

DADA: Haya, nimeacha. Anakwenda kufungua bomba linalotoka mtamboni kwenu, tuwaingizie maji mapya.

WAYA: Asifungue.

DADA: Kwa nini? Si ndiyo tunayotumia siku zote?

WAYA: Yale mabamba ya chuma tunayopitishia umeme huku mtamboni, kusafisha maji...

DADA: Yanayokamata mbolea ya maji machafu. Ulishanieleza.

WAYA: Kila zamu lazima nigeuze mwelekeo wa umeme, ukoko ulioyagandia ubanduke. Jumamosi sikugeuza. Ukoko ukajaa, umeme ukashindwa kupita, maji yakaja kwenu na mbolea yake yote, ndiyo iliyootesha huo ukijani unaowamalizia samaki hewa. Kwa macho yalikuwa meupe, dada. Ndio nimerudi zamu leo, nikaukuta ukoko bado umejaa.

DADA: Jumamosi ulikuwa kwangu.

WAYA: Ndiyo.

DADA: Kwenye posa ya mwanangu. Ukasema umeomba ruhusa.

WAYA: Ulinililia, dada. Mjomba ni mimi peke yangu, ningekuangushaje?

DADA: Kumbe ulinidanganya.

WAYA: Nisamehe. Tangu asubuhi naona aibu kukupigia.

DADA: Ngoja. Baba watoto! Acha hilo bomba! ...Hanisikii, yuko ng'ambo ya bwawa.

WAYA: Kimbia, dada.

DADA: Nakimbia— Waya, nimemtukana mbele ya wanawe. Nitamwambia nini?

WAYA: Mwambie ni mimi.

DADA: Mwambie mwenyewe. Baba watoto, shika simu. Shika tu.

SHEMEJI: Haloo, shemeji. Umesikia balaa langu?

WAYA: Shemeji, bomba—

SHEMEJI: Nimeshalifungua, muda tu. Maji yenu yanaingia kwa nguvu. Dada yako ana haki ya kukasirika, hawa samaki nimewaua mimi.

WAYA: Hapana, shemeji, siyo— Haloo? Shemeji? Haloo?

[Simu imekatika. Salio la mlinzi limekwisha.]