Bi Subiri, Mhandisi Aliyeifuta Njia Yake ya Mkato

Mama yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la utani la Bi Subiri, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi saa na mshonaji. Alikulia katika vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yake. Kabla hajajua kusoma alishajua kufungua saa; kuifunga ndiyo ilikuwa kazi.

Alianza shule mwaka 1968, na Novemba 1984 akahitimu shahada ya hisabati. Chuoni ndiko alikoiona kompyuta kwa mara ya kwanza, na siku hiyo alisahau kula.

Mwaka 1986 aliajiriwa na kampuni iliyotengeneza mfumo endeshi, yaani programu inayoziongoza programu nyingine zote ndani ya kompyuta. Kiwango walichokubaliana watengenezaji kilikuwa wazi: mfumo ukiombwa kuhifadhi taarifa, usijibu "tayari" mpaka taarifa zifike kwenye diski. Kusubiri huko kulichelewesha kila kitu. Mwaka 1993 marehemu akaandika njia ya mkato: mfumo ujibu "tayari" papo hapo, uhifadhi baadaye kidogo. Kasi ikapanda mara nne. Ofisi nzima ilimpigia makofi, naye, kwa maneno yake mwenyewe, kichwa kikavimba.

Tarehe 17 Juni 1994 umeme ulikatika katika hospitali iliyotumia mfumo huo. Majibu ya vipimo ambayo kompyuta ilishadai kuyahifadhi yakapotea. Wagonjwa thelathini na mmoja walitolewa damu upya, mmoja wao mtoto mchanga.

Mkuu wake wa kazi akamwambia, "Tuseme ni umeme. Si kweli ni umeme?"

"Umeme haukusema 'tayari', bosi. Mimi ndiye niliyesema."

Alipanda basi hadi hospitali, akawaeleza wauguzi, kisha mama wa yule mtoto. Mama yule alimpa tu mtoto ambebe, yeye akafunga begi lake. Marehemu alituambia hakuna karipio lililowahi kumwingia kama lile.

Aliporudi kazini aliifuta njia yake ya mkato. Kompyuta zikarudi kujikokota, na cheo alichoahidiwa akapewa mwingine. Wenzake wakaanza kumwita Bi Subiri, mwanzoni kwa kejeli. Ilimchukua miaka sita kupata njia ya halali: kukusanya maombi mengi na kuyaandika kwenye diski kwa mkupuo mmoja, bila kumdanganya mtu. Sehemu kubwa ya kasi ikarudi.

Alifunga ndoa tarehe 5 Desemba 1987 na baba yetu, mwalimu wa jiografia, aliyemjia kwanza na redio ya kutengenezwa. "Mbona hii nzima?" akamuuliza. "Najua," akajibu baba.

Februari 2021 aligundulika kuwa na maradhi ya figo. Wiki zake za mwisho alimfundisha mjukuu wake wa kike kucheza karata, wala hakumwachia ashinde hata mara moja. Alifariki tarehe 3 Mei 2023, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mikononi mwa dada yake.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wanne, na dada yake huyo.

Mungu ampokee mama yetu, na ampe pumziko lenye amani.