Povu la Jagi la Mama Drahomíra

Mapadri wetu, ndugu, majirani, nanyi mliokuja kwa basi kutoka mjini Jihlava, mimi ni Radovan, mkwe wa marehemu, na nimepewa karatasi hii niisome, pengine kwa kuwa hakuna aliyekemewa naye kunizidi.

Mama Drahomíra Sedláková alizaliwa tarehe 11 Machi 1941 hapa Habrovec, binti wa pekee wa mpika bia wa monasteri hii, akaanza shule mwaka 1947, na kila jioni alitumwa na jagi kumchukulia babu yake bia, akawa analamba povu lote njiani, na babu akiuliza, anajibu, “Limemwagika, babu, nilijikwaa.” Aprili 1950 serikali ya kikomunisti iliwaondoa watawa, kiwanda cha bia kikafungwa, baba yake hakupika tena hadi kufa, na ladha ya povu lile ndiyo Mama aliyoitafuta maisha yake yote.

Alihitimu shule ya biashara Jihlava mwaka 1959, akaajiriwa kuongoza watalii, na huko akamwona dereva wa basi, Oldřich, akimimina mabaki ya bia kwenye glasi mpya mbele za watu, akamwambia, “Mimi siolewi na mtu wa namna hiyo,” Oldřich akajibu kwamba hata hajamposa, wakafunga ndoa tarehe 6 Juni 1964, wakajaliwa Jitka, mke wangu, na Zbyněk.

Milango ya monasteri nchini ilipofunguliwa baada ya serikali ile kuanguka mwaka 1989, jamani, hakushikika: leo Břevnov, kesho Strahov, keshokutwa Želiv, anapanda mnara watalii wakihema nyuma yake, anapapasa kuta, anaonja bia ya watawa, macho yanamwaka, kisha ananinong'oneza, “Tamu kweli. Ila siyo ile.” Nikimwambia mtafutaji hachoki, ananimalizia kwamba akichoka keshapata.

Januari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, na tarehe 29 Aprili kiwanda hiki kikafunguliwa tena, tukamleta kwa kiti cha magurudumu, naye akaonja mbele ya mpika bia mpya, Matouš, mwenye diploma yake. “Mwanangu, umejitahidi. Ila shayiri hukuikausha vya kutosha. Una haraka ya nini?” Matouš akawa mwekundu, akaenda kuanza upya siku ileile, nasi tukaanza kuhesabu siku, kwa sababu bia nyingine ilihitaji wiki saba, na daktari alikuwa amempa Mama sita.

Mama akazisubiri zote saba. Jumamosi tarehe 17 Juni, saa nne asubuhi, Matouš aliingia mbio chumbani kwa Mama na jagi mkononi, na Mama, ambaye hakuweza tena kumeza, akalamba povu taratibu mpaka likaisha lote, akafumba macho, akacheka, nimemwona mimi mwenyewe, akasema, “Ndiyo yenyewe. Mwambieni babu limemwagika.” Aliaga dunia tarehe 19 Juni, akiwa na miaka themanini na miwili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, madereva na waongoza watalii wenzake, na Matouš, ambaye mapipa yake mawili yapo uani, lakini atakayemimina mabaki kwenye glasi mpya, leo nitamkemea mimi kwa niaba ya Mama.

Pumzika kwa amani, Mama, na ukifika kwa babu, sasa mwambie ukweli.