Chumvi Niliyojikataza Mwenyewe

Ndugu zangu wa Kasongo, nanyi mliotoka Wamaza kwa pikipiki na vumbi la njia bado liko kwenye nguo zenu, Bwana apewe sifa zote! Mimi ni Mama Riziki wa kwaya ya wamama. Mnanijua kwa maswali. Hata mchungaji akinyamaza ili avute pumzi, mimi tayari nimeinua mkono. Leo nisikilizeni, kwa maana Mungu aliniponya kwa njia ya swali.

Wengi mlimjua dada yangu Yohari, yule aliyekaa Kabambare. Ugonjwa wa sukari ulimwanzia kwa kidonda kwenye kidole cha mguu. Kidole tu! Wakakata kidole, wakakata mguu, na mwisho tukamzika. Kwa hiyo siku munganga wa kituo cha afya aliponiambia kwamba sukari yangu nayo imepanda, niliitazama miguu yangu hii nikalia. Akasema tujaribu chakula kwanza kabla ya vidonge: bugali, wali, ndizi na viazi nivipunguze sana, nile samaki, mayai, mboga za majani kama sombe na lengalenga, na karanga kidogo. Ndugu zangu, mimi sikupunguza. Niliacha kabisa! Mtu wa kwetu Maniema anayeacha bugali ni wa kuombewa, na kweli mliniombea.

Sasa sikieni ajabu. Niliongeza sharti ambalo munganga hakulitamka. Katika ukoo wetu, mtu akipewa dawa ya mizizi, neno la kwanza ni hili: usiguse chumvi mpaka dawa imalize kazi yake. Bibi alitulea hivyo. Iwe tumbo, iwe homa, iwe mtoto aliyechelewa kutembea, chumvi ndiyo inaondolewa kwanza. Basi nikafikiri, kama chakula hiki ndicho dawa yangu, chumvi itakiharibu. Makayabo, wale samaki wa chumvi wa sokoni, nikawa nawaloweka na kumwaga maji, nawaloweka tena, mpaka wanabaki kama kitambaa cha kufulia. Sombe nilipika bila chembe. Hakuna aliyeniambia. Nilijua tu!

Sukari ikaanza kushuka, Mungu ni mwema! Lakini nami nilishuka pamoja nayo. Kichwa kiliniuma, mishipa ya miguu ikanikaza, na shambani nikiinuka na jembe macho yanaingia giza. Majirani wengine wakasema ni mashetani, wengine wakasema ni njaa ya bugali. Mume wangu, Baba Riziki, akaniambia, "Mama, rudia bugali. Afazali ukufe umeshiba!" Alikuwa anatania, lakini nilimwona ameogopa. Nami niliogopa kumpita yeye. Nikirudia bugali, nafuata njia ya Yohari. Nikiendelea, siwezi kusimama.

Ninyi wenzangu wa kwaya mkaanza kuniletea kiti. Jumapili moja nikakikataa, nikaanguka katikati ya wimbo. Mlikuwapo! Mchungaji akaniombea, kisha Mama Feza, ambaye nyumba yake inapakana na kanisa, akanibeba mgongoni mpaka kwake, akanipa bakuli la mchuzi wa makayabo. Hakuwa amewaloweka vizuri. Chumvi tupu! Ningekataa, lakini utakataaje chakula cha mtu aliyekubeba? Nikanywa. Baada ya muda kichwa kikaacha kuzunguka, nikasimama, nikarudi nyumbani kwa miguu yangu. Watu wakasema, ni maombi! Nami nikasema amina, ni maombi. Lakini Bwana alipitishia wapi jibu lake? Swali kama hilo mimi siwezi kulala nalo.

Nikaenda kituo cha afya kwa munganga yuleyule. Nikamweleza yote, mpaka bakuli la Mama Feza. Akaniuliza:

"Mama, chumvi, nani alikukataza?"

Nikamwambia, ni mimi mwenyewe!

Akacheka, kisha akanieleza. "Mutu akiacha bugali, mwili unatoa maji mingi, na chumvi inatoka na ile maji. Sasa iko inatoka, na weye unakataza ingine isiingie. Utasimama na nini?"

Nikauliza, basi nile kiasi gani? Mnanijua, nusu ya jibu hainitoshi. Alinipima presha, akaikuta iko chini. Akabonyeza miguu yangu kutafuta uvimbe, akapima mkojo aone kama figo ziko sawa. Ndipo akasema: kijiko kimoja cha chai, kisawazishwe juu, kwa siku nzima, pamoja na ile ya kwenye mboga; sehemu yake niinywe kwenye mchuzi. Kisha nirudi apime tena, maana huenda akaongeza au akapunguza.

Nikauliza tena, na Baba Riziki je? "Hapana! Baba iko na presha ya juu. Yeye apunguze." Ajabu gani hii, ndugu zangu! Kitanda kimoja, chungu kimoja, lakini kila mtu na chumvi yake! Siku hizi napika na chumvi kidogo, yangu naiongeza kwenye bakuli langu, na mume wangu analitazama bakuli hilo kama mbuzi anayetazama shamba la jirani.

Leo sukari yangu imetulia, na munganga bado ananifuatilia. Sisemi kila mtu ale chumvi kama mimi. Kesho msije mkasema Mama Riziki alihubiri chumvi! Nendeni mkapimwe. Nasema tu kwamba Mungu alinipa njia nyepesi, nami nikaipandishia mlima. Wewe unayeteseka, mwamini Bwana, na ukishamwamini usiogope kuuliza. Hicho unachojinyima, nani alikukataza?

Asante Mungu wangu! Asante Mama Feza na mchuzi wako! Nanyi wa kwaya, nitazameni vizuri. Maneno haya yote nimeyasema nimesimama, kwa miguu yangu yote miwili, na hakuna aliyeniletea kiti. Amina!