Shimo Lenu, Fimbo Yetu

Ndani ya basi la kwenda St Andrews, Ishbel alikuwa akirudia kimoyomoyo maneno ya kuwakaribisha wageni. Jumapili uwanja wa kale wa gofu wa mji huo hauchezewi. Ni wa watu na mbwa wao, na leo kwa mara ya kwanza angewatembeza watalii. Sentensi yake ya kwanza ilisema: mchezo huu ulizaliwa hapa.

Kwenye kiti cha mbele, mzee mmoja mwenyeji, mwenye mbwa, alikuwa akimwambia mama mmoja Mholanzi maneno hayo hayo.

"Hapa? Acha utani, mzee! Mababu zetu walipiga mpira juu ya barafu, na fimbo yao waliiita kolf. Jina mmelitoa wapi?"

"La kwetu hilo, mama. Kwetu gowf ni kupiga, hata kumzaba mtu kofi. Na nyie mlilenga nini? Milango ya watu! Shimo tulichimba sisi."

"Kwa fimbo ya kuazima."

"Mfalme wetu aliupiga marufuku mchezo huu, maana vijana walikuwa wanasahau mazoezi ya mishale. Wenu je?"

"Sisi tulikuwa tunawauzia mipira."

Mzee akamkuna mbwa masikio. Ishbel aliona hoja ile ya mipira ni nzito, ingawa ya shimo nayo haikuwa nyepesi. Akaijaribu upya sentensi yake ya kwanza: inasemekana...

Basi likasimama. Ishbel akateremka, akainua kibao chake cha matembezi. Wale wawili wakamjia moja kwa moja, wakasimama mbele yake, mbwa katikati.

"Haya, binti," mzee akasema. "Mwambie huyu."