Shigaki Tamotsu, 1952–2018, na Sekunde Mbili za Skafu Nyekundu

Ndugu wa ukoo wa Shigaki, majirani wa Oizumi, na ninyi mliofanya kazi naye, mtuvumilie, historia hii ina mahali ambapo familia imeshindwa kufupisha.

Marehemu Shigaki Tamotsu alizaliwa tarehe 9 Februari 1952 mjini Ueda, mkoani Nagano, mtoto wa pili wa fundi saa, akasoma huko huko shule ya msingi na sekondari hadi Machi 1970, na mwezi uliofuata akaja Tokyo, wilaya ya Nerima, akaajiriwa kuchora katuni katika studio ndogo ya watu kumi na wanane.

Aprili 1979 studio hiyo ilianza kurusha katuni ya msichana mpeleka barua wa milimani, mwenye skafu nyeupe, na katika kipindi cha kumi na tisa, mpaka rangi mmoja, Bi Fusae, aliyekuwa amekaa siku mbili bila kulala, alichovya brashi katika kopo lisilo lake, skafu ikatoka nyekundu kwa sekunde mbili nzima. Muda wa kurudia haukuwepo, ikarushwa vile vile. Msimamizi akamwambia mbele ya wote, "We dada, huyo msichana umempaka rangi au umemchinja?" na Tamotsu, ambaye hakuwa mtu wa maneno, akajibu kutoka mezani kwake, "Iache, bosi. Leo ndiyo mara ya kwanza nimeuona upepo kwenye katuni yetu." Yeye na Bi Fusae walifunga ndoa tarehe 3 Novemba 1981, wakangoja hadi tarehe 20 Mei 1992 ndipo wakampata binti yao wa pekee, Chinami.

Studio ilifungwa mwaka 1980, michoro ikatupwa kwenye takataka kama ilivyokuwa desturi ya siku zile, filamu zikapotea, haikubaki hata nakala moja. Mwaka 1982 Tamotsu aliingia kwenye ule mfululizo wa mashujaa wa televisheni, unaobadilisha mashujaa wake kila mwaka, akiwa mchoraji wa mpangilio wa picha, yule anayechora kila tukio kabla waigizaji hawajapigwa picha, na kwa miaka thelathini na mitano, kila mwaka, alificha humo picha moja ya katuni iliyopotea, namna shujaa anavyotua kwa goti moja, namna anavyogeuka darajani, watoto wakaiga shuleni bila kujua wanamwiga nani. Hakumweleza mtu wa nje, alisema heshima ikishaelezwa inakuwa tangazo. Bi Fusae alizitambua zote, akicheka kidogo na kuendelea kumenya figili, hadi alipofariki tarehe 17 Julai 2004.

Skafu nyekundu peke yake hakuwahi kuigusa, kwa kuwa kila shujaa ana rangi yake na haichezewi. Mwaka jana aliichora, shujaa mweupe juu ya paa, skafu nyekundu, sekunde mbili, akaikabidhi tarehe 8 Septemba, na tarehe 11 akapata kiharusi kilichomnyima maneno na mkono wa kulia. Mwongozaji aliipiga kama ilivyochorwa. Chinami, aliyemaliza chuo kikuu na kuajiriwa hapo hapo kukagua mfuatano wa picha, kwamba mavazi na rangi havibadiliki ovyo, alijua kwamba baba yake huficha mikao na miondoko, rangi hakuifikiria, na mama yake kwa aibu hakuwahi kumsimulia lile kosa, basi akaandika ibadilishwe iwe nyeupe, ikabadilishwa.

Jumapili tarehe 10 Desemba asubuhi baba na binti waliitazama pamoja hospitalini, Chinami akamwambia, "Baba, hapo walikosea rangi, nimekurekebishia." Mzee aligonga ukingo wa kitanda mara mbili kwa mkono wa kushoto, akageukia ukutani. Chinami akamwita muuguzi, mzee akapewa dawa ya maumivu.

Tarehe 13 Januari Bwana Iwakiri, aliyechora naye katika studio ile na aliyeitambua picha ya paani kwenye televisheni, alikuja kumjulia hali, akamvuta Chinami pembeni, akamwuliza, "Mwanangu, nani kaifua skafu ya mama yako?" Alipoona hajaelewa, akaketi akamsimulia.

Tangu siku hiyo Chinami aliandika barua nne na kusimama mara tatu mlangoni kwa mtayarishaji, akiomba nyekundu irudishwe kwenye diski za mfululizo zitakazouzwa, baba yake angali hai, akajibiwa, "Dada Shigaki, aliyesahihisha ni wewe, saini ni yako." Mrekebisha rangi akampa kipande cha awali, akakikimbiza wodini tarehe 2 Februari, lakini alfajiri hiyo kiharusi cha pili kilikuwa kimeshapita, macho ya mzee yalikuwa wazi na hayakufuata kitu. Kwa siku sita alimwonyesha, akimwambia sikioni, "Ni nyekundu, baba. Sasa ni nyekundu. Tazama." Alifariki Alhamisi tarehe 8 Februari 2018, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akibakiza siku moja kutimiza miaka sitini na sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliotuletea chakula tulipokuwa hatukumbuki kula, na wafanyakazi wenzake mliofika leo mkiacha kazi katikati. Diski zinatoka mwezi ujao, skafu humo ni nyeupe na haitabadilika. Yeyote aliyekuwa mbele ya televisheni mwaka 1979 akaiona ikiwa nyekundu, tunamwomba asiondoke kabla ya kumwambia Chinami, maana zaidi ya Bwana Iwakiri hatumjui mwingine.

Tamotsu, ulale kwa utulivu. Binti yako anakuomba msamaha mbele ya watu wote hawa, kwa sababu ulipokuwa ukimsikia hakujua kuwa ana la kuomba.